Foleni ya Viatu

Vyura wa Ahero hawana adabu. Nasema mapema ili anayetaka kubisha aanze sasa. Miaka ile ya themanini, nilipokuwa nikifungulia maji kwenye mashamba ya mpunga, walianza kelele jua likishuka na hawakumnyamazia mtu, hata mhubiri. Siku moja tulikuwa na maombi nyumbani kwetu. Mhubiri akapandisha sauti, vyura wakapandisha yao. Akaongeza, wakaongeza. Mwishowe akafunga Biblia akasema Mungu amesikia ya kutosha. Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje. Ni mwanamke wa kucheka yule, na bado anacheka, ingawa meno yamepungua.

Lakini si vyura nilitaka kusema. Nilitaka kusema mfereji.

Mfereji wetu ulikuwa mrefu. Kichwa chake kilikuwa upande wa barabara kuu, mkia wake ulipotelea kwenye matete ambako hata mbwa haendi bila sababu. Kila kipande cha mpunga kilikuwa na kijilango cha mbao, ukikiinua maji yanaingia, ukikishusha yanapita kwenda kwa jirani. Mimi, mtu wa darasa la tatu, nilipewa kazi ya kuinua na kushusha. Aliyekuwa akiifanya kabla yangu alinifundisha kwa asubuhi moja tu, maana alikuwa na haraka ya kwenda kuoa mke wa pili. Alinitembeza hadi mkiani, kule kwenye matete, akasema, "Unaanzia hapa."

Nikamwuliza, "Mbona tutembee hivi, na maji yanaanzia kule?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa. "Ukianzia kule, hapa hutafika maisha yako yote."

Alikuwa amesema kweli. Ukimpa maji wa juu kwanza, hatosheki. Atasema kipande changu kina ufa, atasema miche yangu ni michanga, na jua litazama huku wa mkiani akiwa amekaa kwenye tuta na jembe lake, anatazama udongo ukipasuka. Lakini ukianzia mkiani, maji lazima yapite kwa kila mtu. Wa juu anayaona yakipita, anajua zamu yake inakuja, anangoja. Ananung'unika, ndiyo. Kunung'unika hakujawahi kukausha mpunga.

Kichwani mwa mfereji alikuwepo bwana mmoja mwenye pikapu. Yeye aliona zamu ni mambo ya watu wasio na pikapu. Nikishusha kijilango chake, naye anakiinua. Siku moja nilikishusha nikakikalia. Nilikaa juu ya ule ubao, miguu ndani ya maji.

"Toka hapo."

"Nimechoka, bwana mkubwa. Napumzika."

"Utapumzika mpaka lini?"

"Mpaka mama yule wa mkiani amalize."

Aliniita majina ambayo sitayaandika, akapiga honi, akaleta vijana wawili, na vijana waliponiona wakaanza kucheka, naye akawafukuza. Ruba walinila vigimbi vya miguu. Jua likazama. Mama wa mkiani akapata maji, na bwana mwenye pikapu akapata yake baada ya hapo, hakufa. Hiyo ndiyo elimu niliyotoka nayo Ahero. Wengine walitoka vyuoni na kofia.

Halafu mafuriko yakaja, si yale ya kila mwaka, yale ya kubeba mlango. Tuliamka tukakuta sufuria zinaelea na kuku wote wako juu ya meza kama wageni wanaosubiri chai. Mke wangu akasema, "Mimi na vyura basi." Tukahamia Kisumu, Kondele, akaanza kukaanga samaki jioni pale kwenye njia panda. Mimi nikafanya hiki na kile. Nikasukuma mkokoteni, nikalinda ghala, nikachimba choo cha kanisa ambalo silo langu. Ni kwa sababu ya samaki wa mke wangu nilipata kazi ninayotaka kuisema, maana mkuu mmoja wa kituo cha masomo alikuwa akinunua kwake mbuta wa kukaanga kila Alhamisi, akamwuliza kama anamjua mtu mzima asiyekunywa. Mke wangu akasema anamjua. Alimaanisha mimi. Nilikuwa nakunywa kidogo wakati huo, lakini hakuulizwa kiasi gani.

Kituo kilikuwa juu ya duka la magodoro. Kilikuwa cha chuo kikuu fulani, nisiulizwe kipi, kwa ajili ya wanafunzi watu wazima, yaani walimu, wauguzi na makarani, wanaofanya kazi wiki nzima na kusoma Ijumaa na Jumamosi. Palikuwa na vyumba vya kufundishia, na rafu za vitabu vilivyochakaa, vingine vizee kuliko wasomaji wake. Na mwisho wa ukumbi palikuwa na chumba kidogo chenye zulia jekundu, na ndani yake kompyuta moja, printa moja na simu moja yenye kufuli. Watoto wa shule siku hizi wanasema tarakilishi. Sisi tulisema kompyuta, tena kwa sauti ya chini. Asubuhi nilikuwa naikuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama kile kinachowekwa kwenye kiti cha mgeni wa heshima.

Hii ni miaka ya tisini ikielekea mwisho. Stima ikiwepo na mvua isiponyesha, mashine ile iliweza kupiga simu mbali. Inalia kwanza kama paka aliyekanyagwa mkia, inakoroma, halafu inanyamaza, na ikinyamaza ujue imeingia. Imeingia wapi? Kwenye maktaba za watu wengine, nchi nyingine, inasoma kwenye rafu zao bila kupanda ndege. Aliyenieleza hivyo ni mama wa maktaba, mwanamke mpole mwenye miwani ya kufungwa kamba, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi namna ya kutafuta humo. Nikamwuliza, "Na wenye rafu wanajua?" Akasema wanajua, ndiyo maana wamefungua. Nikafikiri, hao ni watu wema, au hawajawahi kuibiwa.

Sasa mkuu wa kituo. Sitamsema vibaya zaidi ya alivyokuwa. Alivaa tai hata siku za jua kali la Kisumu, na viatu vyake vilikuwa buti nyeusi za kamba ndefu, tundu juu ya tundu hadi juu ya kifundo. Alikuwa amekwenda semina Nairobi kabla kompyuta haijaletwa. Huko akaambiwa kwamba adui mkubwa wa kompyuta ni virusi, na kwamba virusi huletwa na watu kutoka nje. Akarudi na zulia na sheria: hakuna kuingia na viatu. Msicheke. Sehemu nyingi enzi hizo zilikuwa hivyo, waulizeni waliosoma wakati ule. Watu wazima wenye shahada walivua viatu mbele ya kompyuta kama mbele ya kichaka kinachowaka moto. Na mimi niliamini, ningejuaje? Nilifagia ule ukumbi kama anayefagia kipindupindu.

Mama wa maktaba alijaribu. "Mkuu, virusi hivi havina miguu."

"Na vumbi la Kondele lina miguu? Mbona linafika mpaka kwenye uji wako?"

Akarudi kwenye rafu zake. Huwezi kubishana na uji.

Kazi yangu ikawa kukaa kwenye kiti pale mlangoni na kulinda viatu. Mke wangu alipouliza kazi gani nimepewa nikamwambia. Akaweka mwiko chini. "Ulikuwa unalinda maji, sasa unalinda harufu." Mwezi mzima kwenye njia panda wateja wake waliniita Bwana Soksi. Waache waite. Nilijifunza mengi kwa viatu. Mtu huweza kuongea Kiingereza cha kung'arisha meno, halafu akavua kiatu, soksi ikatoa kidole nje kikachungulia kama panya. Wauguzi walikuwa na viatu visafi. Makarani walikanyaga upande mmoja. Walimu wa mbali ulijua njia waliyokuja kwa rangi ya tope. Tope jeusi la Kano linashika kama deni la mkwe.

Ukumbi ulikuwa mwembamba, hapakuwa na mahali pa kukaa, kwa hiyo watu wakafanya kama kwenye bomba la maji mtaani, pale unapoacha mtungi upange foleni nawe uende shughuli zako. Unaacha viatu. Viatu vinapanga foleni. Wewe unakwenda darasani na ndara za patipati ulizobeba kwenye mfuko, au na soksi kama hukufikiria. Anayetoka ndani, nasogeza jozi zote mbele, namwita mwenye jozi ya kwanza. Kila mtu alikuwa na nusu saa. Hakuna aliyegombana na kiatu cha mwenzake.

Tabu ilikuwa wahadhiri. Mkuu alinipa amri siku ya kwanza: viatu vya wahadhiri vikija, vinakwenda mbele. "Wakubwa mbele, Mzee. Hata kwenye sherehe ni hivyo." Nikatii. Basi wakajua. Akija mhadhiri saa nne, wa saa mbili anarudi nyuma. Mmoja wao, daktari wa masomo, si wa sindano, alikuwa fundi kuliko wote. Alileta kutoka nyumbani jozi kuukuu ya viatu vya kahawia akaiacha mbele ya foleni tangu Jumatatu. Viatu vililala pale wiki nzima, vikifuga buibui, vikingoja mwenyewe apatwe na kiu ya elimu. Mara nyingi kiu ilimpata Ijumaa saa nane, wakati watu wazima wa watu wamesafiri kutoka huko walikotoka.

Sasa ndipo anapoingia mwalimu wa Muhoroni.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwalimu wa shule ya msingi huko kwenye miwa. Ijumaa aliondoka kwake giza bado, na basi likikosa alipanda lori la miwa hadi njia kuu. Kwa hiyo alifika wa mwisho, sikuzote, viatu vyake vya turubai vikiwa na majivu ya miwa iliyochomwa. Nilikuwa naviweka mwisho wa foleni na moyo unanichoma, maana nilijua vinafanana na nini. Nilikuwa nimewahi kumwona mtu akikaa kwenye tuta na jembe.

Siku moja alikaa kando ya kiti changu akagawa njugu.

"Jaduong', mzee wangu, mashine hii inakula watu?"

"Haijala mtu bado, mwalimu. Inawangojesha tu."

Akaniambia shida yake. Alikuwa mwaka wa mwisho. Alikuwa ameandika utafiti juu ya watoto wanaoacha shule kwenda kukata na kupakia miwa, watoto wake mwenyewe wa darasani, amewafuata mpaka mashambani, amewasikiliza. Msimamizi wake, ambaye ofisi yake ilikuwa ngazi moja juu yetu, alisoma akasema, "Hii ni hadithi nzuri. Lakini nani mwingine ameandika? Siku hizi, mahali popote? Nionyeshe umesoma wenzako. Bila hiyo sisaini." Vitabu vya rafuni havikuwa na kitu. Kilichobaki ni kompyuta. Na asiposainiwa kabla ya mwisho wa muhula, anarudia mwaka, na mkuu wa shule yake alikwisha kumwambia kwamba ruhusa ya Ijumaa haiko mwaka ujao.

"Yaani nikikosa, nimekosa," alisema, akitafuna njugu taratibu. "Wale watoto wataendelea kuwa hadithi nzuri."

Ijumaa ile laini ilikatika kabla viatu vyake havijafika nusu ya foleni. Ijumaa iliyofuata alifika ndani. Nilimwona kutoka mlangoni akikaa, akafuta viganja kwenye sketi, akaandika kwa kidole kimoja. Mama wa maktaba akainama kusoma.

"Mwalimu, umeandika nini hapa?"

"Nimesalimia. Good morning, naomba habari za watoto wa Muhoroni."

"Usiisalimie, dada. Mashine haina mama. Ipe maneno machache tu, ya kile unachotafuta. Na usiseme Muhoroni, kule hawaijui Muhoroni. Sema watoto, sema miwa, sema shule. Wewe unadhani miwa iko kwenu tu?"

Mwalimu akacheka, akafuta salamu, akaanza upya. Mashine ikaanza kufikiri. Na hapo hapo daktari wa viatu vya kahawia akatokea, amevaa viatu vingine kabisa, akaashiria ile jozi yenye buibui. "Mzee, naona nimefika mbele."

Nikamtoa mwalimu kabla ya nusu saa yake kuisha. Amri ni amri. Akavaa viatu vyake, akaenda kutafuta lori. Mama wa maktaba alinitazama juu ya miwani yake, nami nikatazama zulia.

Jioni ile samaki hakushuka kooni. Mke wangu akauliza kama nina homa. Nikamwambia habari ya mwalimu, nikamwambia na habari ya kijilango, ambayo alikuwa ameisikia mara nyingi kuliko alivyotaka. Akageuza samaki kwenye mafuta. "Sasa unaniambia mimi? Mimi ndiye niliyekaa kwenye ubao?"

Ijumaa ya mwisho wa muhula ilikuja na mvua. Msimamizi alikuwa amebandika mlangoni pake kwamba anafunga saa kumi jioni. Foleni ya viatu ilijaa mapema, laini haikushika asubuhi yote, na mbele kabisa, kama wazee wa kanisa, jozi nne za wahadhiri, mbili kati yake hazikuwa na mwenyewe humo jengoni. Mwalimu akafika saa saba na nusu, amelowa mpaka nywele, amebeba viatu mkononi maana tope lilikuwa limevishinda. Aliviweka mwisho wa foleni mwenyewe, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Nikainuka. Nilivichukua vile viatu vya turubai, vikidondosha tope kwenye sakafu niliyoifagia mwenyewe, nikaenda navyo hadi mbele nikaviweka mbele ya viatu vya kahawia. Halafu nikashika jozi ya pili kutoka mwisho, ya muuguzi mmoja kutoka Bondo, nikaiweka nyuma yake. Halafu ya tatu. Nikaigeuza foleni yote, mkia ukawa kichwa.

Nikasema kwa sauti, watu wasikie, "Leo tunaanzia mkiani."

Karani mmoja aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa wasio wahadhiri akaruka. "Mzee! Mimi nimefika hapa saa moja!"

"Na saa yako itakuja. Zamu inapita kwako ikitoka huku, utaiona kwa macho. Wa mkiani hajawahi kuiona."

Nakubali alikuwa na haki ya kulalamika. Alilalamika. Lakini alipotazama vile viatu vya kahawia vimekuwa vya mwisho na buibui wake, akaanza kucheka, na wengine wakacheka. Daktari mwenyewe alitoka darasani, akasimama na chaki mkononi.

"Mzee, leo umekunywa nini?"

"Chai ya rangi, Daktari. Na haikuwa na sukari, ndiyo maana nimewakumbuka watu wa Muhoroni."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Akaona afadhali arudi darasani. Lakini alipitia ofisi ya mkuu.

Mwalimu alikuwa ndani tayari. Laini ilikuwa imeshika kwa jaribio la tatu, paka amelia na kunyamaza. Mama wa maktaba alikuwa kando yake, hamgusi mkono, anamwambia tu, ongeza hili, ondoa lile, hilo lenye tarehe ya zamani liache, fungua hilo. Nikasikia mwalimu akisema, "Kumbe wapo! Mama, wapo! Tazama, huku nako wanaacha shule msimu wa miwa. Na huku." Sijui ni nchi gani alikuwa akizionyesha. Sikusoma hata neno moja siku ile wala siku nyingine. Nilijua tu sauti ya mtu aliyefikiwa na maji.

Ndipo buti zikaja ukumbini.

"Ni nani amepanga hivi viatu?"

"Ni mimi, Mkuu."

"Nilikwambia nini?"

"Wakubwa mbele."

"Sasa?"

"Sasa leo nimewaona wakubwa wanaweza kungoja. Ukubwa hauozi."

Watu wengine walikuwa wameanza kuchukua viatu vyao polepole, kama watu wanaotoka matangani kabla michango haijapitishwa. Mkuu akanisogelea hata nikanusa mafuta ya nywele zake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Daktari ana kazi ya maana ya kutuma nje, kwamba nimtoe yule mwanamke sasa hivi, kwamba mimi ni mtu wa viatu na nisijifanye seneti ya chuo.

"Simtoi."

"Basi toka hapo nimtoe mwenyewe."

Nikatoka. Nilijisogeza kando kabisa, nikamwachia mlango wazi. Naye akainua buti lake kuvuka kizingiti.

"Viatu, Mkuu."

Buti likabaki hewani.

"Nini?"

"Virusi," nikasema. "Sheria yako. Hakuna anayeingia na viatu, uliniambia hata akija Rais."

Ninaapa buti lile lilikaa hewani kama la korongo. Nyuma yake foleni nzima ilikuwa inatazama, watu wazima waliokuwa wamevua viatu kwa miezi yote ile kwa amri yake, wengine bado wamesimama na soksi zilizolowa. Akigeuka alikutana na macho yao. Akienda mbele alikanyaga zulia lake mwenyewe. Akaushusha mguu ukumbini, akainama, akaanza kufungua kamba. Kamba zile! Tundu juu ya tundu. Fundo likakaza. Muuguzi wa Bondo akasema kwa upole, "Nikusaidie, Mkuu?" Akavuta kwa nguvu. Buti la kwanza likatoka. Nami nikalipokea kwa heshima, nikalipeleka nyuma ya viatu vya kahawia, nikaliweka.

"Unafanya nini?"

"Nalipanga, Mkuu. Ndiyo nafasi yake leo."

Ndani printa ikaanza kusaga, ile sauti ya kukwaruza, karatasi zikitoka zimeshikana kama mkufu. Mkuu alikuwa mguu mmoja una buti na mwingine una soksi. Angeweza kukimbilia ofisini kwake kuikata laini. Ilikuwa na swichi huko. Nilimwona akiifikiria ile safari ya kuchechemea mbele za watu. Mama wa maktaba akaja mlangoni, akakunja mikono. "Zimebaki kurasa mbili, Mkuu," alisema. "Hata sindano unangoja ichomolewe."

Akangoja. Sijui kwa nini watu wanaona ajabu mkubwa kungoja. Anajua, ila hana mazoezi.

Mwalimu akatoka na karatasi kifuani, amezishika kama mtoto wa siku saba. Nilikuwa nimemkwangulia tope kwenye viatu vyake kwa kijiti. Hakuvivaa, alivichukua mkononi akapanda ngazi mbio, miguu mitupu, na sisi sote tukabaki tunasikiliza ile miguu ikipiga juu ya vichwa vyetu, halafu mlango. Hakuna aliyetuambia tusikilize. Hata mkuu alisikiliza. Muuguzi wa Bondo aliingia kwenye nusu saa yake, naye kila baada ya muda anageuza shingo.

Ilipita nusu ya zamu ya muuguzi. Kisha miguu ikashuka, sasa polepole, na viatu vimevaliwa.

"Amesaini," mwalimu alisema. Alisema kwa Kiswahili, halafu akaniambia kwa Kijaluo, "Ero kamano, Jaduong'," asante, na akanipa njugu zilizobaki kwenye mfuko, zimelowa. Akaenda zake kutafuta lori lake. Sikumwona tena, wala sikuhitaji kumwona.

Mkuu alikuwa amekwisha kuvaa buti lake. Ukumbi ulikuwa umepungua watu, na yeye alipoona hivyo akalegeza tai. Hakuwa mtu mbaya wa kula nyama ya watu. Alinishika bega.

"Mzee, tusifanye iwe kubwa. Mke wako ni rafiki yangu. Kaa kwenye kiti chako, panga viatu kama vilivyokuwa, wakubwa mbele, na hii ya leo tutasema ulikuwa na malaria. Sawa?"

Nilitazama foleni. Baada ya muuguzi palikuwa na jozi ya akala za mpira wa gari, za mwalimu mwingine kutoka Seme, halafu viatu vya shule vya mtu mzima, halafu vya yule karani wa saa moja. Nyuma yao wote viatu vya wahadhiri, vile vya kahawia mwisho. Vilikuwa vimekaa vizuri.

"Panga, Mzee," mkuu alisema. "Jozi mbili tu, za wahadhiri waliopo. Hii, na hii."

Sweta langu lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, la kijani, alilonifumia mke wangu. Redio ndogo ilikuwa chini ya kiti. Nilitia njugu tu mfukoni. Nikampita mkuu, nikashuka ngazi, nikapita duka la magodoro ambako kijana alikuwa akisimamisha magodoro yasinyeshewe. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Nikageukia njia ya Kondele nikaenda, na sikurudi.